Mama katibiwa taifodi miaka miwili, kumbe ni sonona. Zahanati zetu zinakwama wapi?

#1 Mwana Kayenze

Wakuu, habari za jioni.

Mama yangu ana miaka 54, anauza dagaa mwaloni, pale ufukweni wanapotua wavuvi. Mwaka juzi mwanzoni alianza kulalamika kichwa kizito, mwili unawaka moto kama kapakwa pilipili, moyo unakwenda mbio usiku, chakula hakipiti. Akaenda zahanati ya kwetu. Malaria hakuna. Wakampima Widal, wakasema taifodi, akapewa sipro. Nafuu siku nne, ikarudi.

Juzi nimekaa na daftari lake la matibabu nikahesabu. Taifodi mara saba. UTI mara nne. Vidonda vya tumbo mara mbili. Malaria mara moja, na pembeni kimeandikwa kipimo hasi lakini kapewa dawa. Sindano sikuhesabu, nilichoka.

Mwezi wa pili mwaka huu dada akampeleka mjini. Daktari aliyewapokea ni kijana mdogo tu, hakukimbilia vipimo. Akamuuliza, "Mama, unalala?" Mama akajibu, nalala saa tatu, saa nane nimeamka, nabaki kuhesabu mabati. Akaulizwa tena, "Kuna kitu ulikuwa unakipenda, siku hizi hukitaki?" Dada anasema mama alinyamaza sana, halafu akasema, "Kwaya." Ndipo akaanza kulia.

Mama alikuwa hajaenda kwaya mwaka na nusu. Tunakaa nyumba moja. Hakuna kati yetu aliyeona.

Akaambiwa ni sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, akapewa dawa na tarehe ya kurudi. Sasa swali langu: yale maswali mawili hayahitaji umeme, maabara wala kitendanishi. Kwa nini zahanati hayaulizwi? Jina la zahanati sitaji, msinisumbue huko.

#2 Sato wa Foili

Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu. Ngoja waje wajuzi.

#3 Nyakato Huru

Mkuu hapo hakuna fumbo. Wahudumu wengine macho yako kwenye simu. Unaingia, hajainua kichwa, ameshaandika "BS ya malaria, Widal, mkojo". Hata ungeingia na mkuki mgongoni ungepimwa mkojo kwanza.

#4 Mama Kulwa

Nyakato Huru umenichekesha lakini ni kweli. Mimi nilikwenda na mtoto kaungua, nikaulizwa kama anaharisha.

Pole kwa mama, Kayenze. Hilo la kwaya limenigusa.

#5 Tabibu wa Kambini

Nimesoma #3 nikataka kupita kimya, nikashindwa. Mimi ni tabibu kwenye zahanati ya kisiwa kimoja, mkoa huu huu wa Mwanza. Naomba niwape Jumatatu yangu.

Kitabu namba 5 cha MTUHA, kile cha wagonjwa wa nje, nilifunga nikiwa na wagonjwa 71. Tupo wawili, mimi na muuguzi, wa tatu yuko likizo ya uzazi. Muuguzi alikuwa na mama anayejifungua tangu alfajiri. Kwa hiyo dirisha la dawa pia lilikuwa langu, na kipimo cha malaria kilikuwa changu.

Mleta mada anasema maswali mawili tu. Sawa. Nayajua. Katika wiki mbili zilizopita umekosa hamu au raha ya kufanya mambo? Umejisikia huzuni au kukata tamaa? Nusu dakika. Shida si kuuliza. Shida ni pale mama anapolia kama alivyolia mama yako. Huwezi kumwambia futa machozi, anayefuata. Pale unahitaji dakika 40, na nje kuna mtoto wa degedege. Kwa hiyo mimi nikiri mbele yenu: zipo siku ambazo namwona mtu, najua kabisa, na siulizi.

Mnipige mawe, lakini mpige mkijua.

#6 Sato wa Foili

Dah. Karanga zimenikwama.

#7 Darubini

Mimi mtu wa maabara. Nisemee Widal maana inachafua sana huko vijijini. Kile kipimo kinatafuta askari wa mwili waliowahi kupigana, hakimtafuti mdudu mwenyewe. Ukishaugua zamani, au ukachanjwa, au ukapata homa nyingine inayofanana, kinaweza kusoma vizuri tu. Kipimo kimoja cha Widal, mara moja, kwenye eneo lenye taifodi ya kila siku kama huku kwetu, hakithibitishi kitu. Cha kuaminika ni kuotesha damu, na zahanati haina uwezo huo.

Lakini na ninyi msihamie sonona kwa mbio zile zile. Mama wa miaka 54 mwenye uchovu na moyo kwenda mbio: damu imepimwa? Tezi ya shingo je? Tezi ikichangamka kupita kiasi moyo unakimbia, ikizubaa mtu anakuwa mzito, mnyonge, anafanana kabisa na mwenye sonona. Halafu huyu anashinda mwaloni. Kichocho cha tumbo ukanda wote huu wa ziwa kimejaa, nacho kinachosha mtu hadi anakaa kama hayupo.

#8 Nesi Mstaafu

Darubini umesahau jambo moja kwa sababu wewe mwanaume. Miaka 54, mwili kuwaka moto, moyo kudunda usiku, usingizi kukatika saa nane. Wanangu, hiyo inaitwa ukomo wa hedhi. Nimefanya kazi miaka 31, wanawake wangapi wamepewa dawa za taifodi kwa joto la ukomo! Wengine waliambiwa wana majini ya ziwani.

Sisemi hana sonona. Kipindi hicho chenyewe kinaweza kuileta. Nasema muulizeni.

#9 Mwana Kayenze

Shikamoo mama Nesi. Damu alipimwa mjini, iko sawa. Tezi sijui, nitamuuliza dada. Hilo la ukomo, kusema kweli, mimi mtoto wa kiume nitaanzia wapi kumuuliza mama?

#10 Nesi Mstaafu

Marahaba. Mtume dada yako.

#11 Kamanga Ferry

Kuna takwimu niliiona, mtu 1 kati ya 4 duniani ana ugonjwa wa akili. Sasa hapa uzi una wachangiaji wanane. Tujitaje wenyewe au tupige kura?

#12 Mzee wa Igoma

Kamanga, umechanganya. Ile 1 kati ya 4 ni maneno ya WHO ya mwaka 2001, ikimaanisha wanaopatwa wakati fulani katika maisha yao yote. Hesabu yao ya mwaka 2019 ni mtu 1 kati ya 8 kwa wakati mmoja, na ndani yake wasiwasi na sonona ndivyo vinaongoza. Mkoa wa Mwanza sensa ya 2022 ilitukuta zaidi ya milioni 3.6. Piga hesabu hata kama kwetu ni nusu ya hiyo, uniambie kama vitanda vya Bugando vinatosha. Ndiyo maana lazima ishuke zahanati. Hospitali ya kanda haiwezi kuwa mlango wa kwanza wa mtu asiyelala.

#13 Kamanga Ferry

Nimekoma mzee. Lakini mbona Nyerere alitujengea hospitali ya akili ya Mirembe kwa ajili hiyo?

#14 Mzee wa Igoma

Leo umeamka vibaya. Mirembe ya Dodoma ni ya miaka ya 1920, enzi za Mwingereza. Na hospitali ya akili ya Lutindi kule Korogwe ni ya zamani zaidi, wamisionari wa Kijerumani waliianza 1896 kama makazi ya watoto waliokombolewa utumwani. Tumeanza na majengo makubwa ya mbali, na akili zetu zimebaki huko. Mpaka leo mtu akikasirika anatukanwa "wa Mirembe wewe". Nani ataingia zahanati ya kijijini, mbele ya majirani, aseme akili yangu haiko sawa?

#15 Bulima Junction

Hapo kwa mzee ndipo penyewe. Tunamlaumu tabibu, ila na sisi hatusemi. Msukuma gani ataingia mle ndani aseme "nina huzuni"? Utasema kichwa, tumbo, mgongo. Huzuni unamwambia ng'ombe.

#16 Mhaya Mstaarabu

Na ng'ombe mwenyewe ana sonona kwa kusikiliza.

#17 Bulima Junction

Wewe kula senene unyamaze.

#18 Semina Kila Mwaka

Naongea kama mtu aliyepewa mafunzo ya kuhudumia magonjwa ya akili. Mwongozo upo, unaitwa mhGAP, WHO waliutoa 2010 kwa ajili ya vituo visivyo na mtaalamu wa akili.

#19 Mzee wa Igoma

Programu ilizinduliwa 2008. Kitabu cha mwongozo ndicho 2010, toleo la pili 2016. Endelea.

#20 Semina Kila Mwaka

Ahsante mzee, mafaili yako hayaliwi na mchwa.

Basi, tulikaa siku tano ukumbini. Mafunzo yenyewe mazuri, sitadanganya. Sonona, kifafa, pombe, watoto, wazee wanaosahau, kujidhuru, vyote vimepangwa kama ramani: ukiona hivi uliza hivi, ukijibiwa hivi fanya hivi. Tukaigiza, mmoja mgonjwa mmoja tabibu. Tukapiga picha. Nikarudi kituoni na moto.

Mwezi wa tatu nikahamishiwa chanjo. Aliyebaki chumba namba 2 hakwenda semina. Kile kitabu kiko kabatini, Kiingereza kitupu, chini ya maboksi ya glovu. Katika miezi yote ile hakuja msimamizi hata mmoja kukaa pembeni yangu aone nauliza vipi. Wa malaria walikuja. Wa chanjo walikuja. Kwenye ripoti ya mwezi safu za magonjwa ya akili zipo, nilikuwa najaza sifuri, na sijawahi kupigiwa simu na mtu akaniuliza, we bwana, kijiji kizima hakuna hata mmoja? Ningeandika sifuri kwenye wajawazito wangekuja na gari.

#21 Tabibu wa Kambini

Nakazia #20 kwa nyundo.

Niongeze na dawa. Nikimwandikia mtu sonona, nageuka dirishani kuna nini? Amitiriptilini ikija inakuja kopo moja, na wanaigombania wenye maumivu ya neva. Fluoksetini namwelekeza akanunue ng'ambo, nauli ya boti inazidi bei ya dawa. Kwa hiyo ndugu zangu, mtu huwa anaandika ugonjwa ambao dawa yake anayo. Sipro ninayo siku zote.

#22 Nyakato Huru

Sasa hapo tabibu umejifunga mwenyewe. Una maana mama wa watu alipewa taifodi kwa sababu sipro ilikuwepo?

#23 Tabibu wa Kambini

Nina maana hiyo hiyo.

#24 Sauti Nyikani

Bwana Yesu asifiwe. Mama huyu aliacha kwaya. Mnaona vidonge, hamwoni mlango adui alipopitia? Aombewe.

#25 Mama Kulwa

Amina mtumishi, aombewe. Ila ile kwaya mwaka na nusu hakuna aliyekwenda kumgongea mlango kumuuliza mbona hatukuoni. Na hapo tuwaombee wanakwaya.

#26 Ng'wana Nfumu

Mimi mjukuu wa nfumu, sina aibu. Mnacheka waganga wa jadi, lakini mgonjwa akienda kwa babu anakaa tangu asubuhi hadi jua linazama. Anaulizwa ukoo, mashamba, nani kafa, nani kakasirika, ndoto gani. Familia nzima inaitwa inakaa chini. Zahanati dakika tatu. Mtu anachagua wapi?

#27 Semina Kila Mwaka

Ng'wana Nfumu, kwenye muda umetushinda, nakubali. Lakini nimepokea vijana wawili walioletwa na alama za minyororo miguuni. Na kifafa ndiyo kabisa: mtoto anazungushwa kwa waganga miaka sita, kila mwaka anaangukia moto, na phenobarbitali ni kati ya dawa za bei ndogo kabisa.

#28 Kamanga Ferry

Kifafa si ugonjwa wa akili lakini.

#29 Mzee wa Igoma

Leo mara ya kwanza umepata. Ni ugonjwa wa ubongo. Ila kwa mfumo wetu kifafa na akili wanapanga foleni moja, kliniki moja, siku moja. Na hilo lina faida: kule Mahenge, daktari Louise Jilek-Aall alianza kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960, kijijini kabisa, na watu waliotengwa wakaanza kula sahani moja na ndugu zao. Hakikuhitajika chuo kikuu pale. Ilihitajika dawa isiyokatika na mtu yule yule kila mwezi.

#30 Kamanga Ferry

Nimeupata mmoja! Naweka kwenye fremu.

#31 Mkerewe Halisi

Mimi niseme la kwetu. Mnakumbuka kivuko cha MV Nyerere kilipozama, tarehe 20 Septemba 2018, pale karibu na gati la Ukara. Walikufa zaidi ya watu 220. Jirani yangu alifiwa pale na mtu wake wa karibu, simtaji. Mpaka leo honi ya kivuko ikilia anashika fremu ya mlango, anashika hasa, vidole vinakuwa vyeupe, hadi chombo kipite. Halafu anaendelea kupepeta mchele kama hakuna kitu.

Ameenda kituoni kwa kichwa mara zisizohesabika. Anarudi na panado. Hajawahi kuulizwa na mtu, na yeye hajawahi kusema. Na sisi majirani tumeshazoea, honi ikilia tunageuka pembeni ili asione tunamwona.

#32 Sato wa Foili

Pole sana Mkerewe.

#33 Bulima Junction

Pole mkuu. Nilimpoteza mjomba kwenye MV Bukoba, 1996. Bibi hakupanda tena chombo cha majini hadi anazikwa.

#34 Jembe Butu

Poleni wote. Sasa mimi nilete ubishi kidogo, mnisamehe.

Naona tunahama kwenye kosa moja kwenda jingine. Jana kila uchovu ni taifodi, kesho kila huzuni ni sonona, na kote mtu anaondoka na bahasha ya vidonge. Mleta mada, nikuulize bila ubaya: mama ana mkopo?

#35 Mwana Kayenze

...

Ndiyo. Kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kali. Alichukua laki tano mwaka ule dagaa walipokuwa wa shida, marejesho kila siku asubuhi. Tumejua mwezi wa nne mwaka huu. Alikuwa anakopa kwa mmoja kumlipa mwingine, wamefika watatu. Wanakuja kukaa mlangoni alfajiri.

#36 Jembe Butu

Nilihisi. Saa nane za usiku anazohesabu mabati ni saa za marejesho hizo. Nipeni kidonge kinacholipa marejesho nami nitakimeza.

#37 Nyakato Huru

Jembe Butu kwa mara ya kwanza huna makali butu. Hilo ndilo jibu, uzi ufungwe.

#38 Darubini

Usifungwe. Wapo kina mama kumi mwaloni wana kausha damu ile ile, wanaimba kwaya. Kwa nini huyu aanguke na wale wasianguke? Na akishaanguka anakuwa hana hata nguvu ya kupanga deni. Deni linaweza kuwa limemsukuma, lakini sasa hivi yuko chini, na aliye chini hanyanyuliwi kwa kumweleza kilichomsukuma.

#39 Jembe Butu

Na hanyanyuliwi na kidonge aliyewekewa mtu mlangoni kila alfajiri. Tutabishana hadi Pamba ichukue ubingwa.

#40 Mhaya Mstaarabu

Basi mtabishana milele.

#41 Nyakato Huru

Aliyeigusa Pamba Jiji ajitokeze. Timu imerudi ligi kuu mnataka nini tena?

#42 Binti Busisi

Jamani turudi kwenye mada. Mnasema tabibu hana dakika 40. Je, ni lazima ziwe zake? Zimbabwe walianza 2006, daktari Dixon Chibanda na bibi 14 wa mtaani, Mbare pale Harare. Bibi amefundishwa, anakaa kwenye benchi nje ya kliniki, anazungumza na mgonjwa. Na hawasemi sonona, wanasema kwa Kishona kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Walifanya utafiti kwenye kliniki 24, majibu yakatoka 2016: waliokaa na bibi walikuwa na nafuu zaidi ya waliopata huduma ya kawaida.

Sisi hapa tuna wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Tuna na maneno yetu, "mawazo yamenizidi". Tunashindwa benchi?

#43 Kamanga Ferry

Bibi wa kwetu atataka soda. Na mkeka.

#44 Mama Kulwa

Soda si tatizo. Tatizo bibi wa kwetu ni shangazi ya mume wako. Nikimweleza yanayonikosesha usingizi saa tano, saa sita yapo sokoni, saa saba yamefika kwa mama mkwe yakiwa na mikono na miguu. Harare ni jiji. Kijijini benchi ni redio.

#45 Binti Busisi

Da Kulwa nimekuelewa. Lakini siyo Harare tu. Hapo ng'ambo ya ziwa, Masaka na Rakai, Uganda, walifanya kwenye vijiji, matokeo yakatoka 2003. Vikundi, wanawake kwao na wanaume kwao, wiki 16, kila wiki saa moja na nusu. Aliyeongoza hakuwa daktari, ni mtu wa eneo hilo aliyefundishwa. Sonona ilishuka sana. Rakai ukitoka Mutukula ni pua na mdomo. Nao wana shangazi.

#46 Bulima Junction

Wiki 16 mfululizo kwa mvuvi? Mvuvi wa dagaa leo yuko Kome, mwezi ujao Goziba. Utamfukuza na mtumbwi?

#47 Tabibu wa Kambini

Bulima kagusa kidonda changu, na hapa ninacho kimoja nilichojifunza mwenyewe, hakimo kitabuni.

Nilikuwa nawapangia wenye kifafa na akili warudi baada ya siku 28, kama kawaida. Wanawake wanakuja, wanaume hawaji. Nikawa nawaandika watoro. Siku moja mzee mmoja wa kambini akaniambia, daktari, umeniwekea giza. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kubwa hakuna kazi, ndipo watu wanalala, wanashona nyavu, wanalewa. Tangu hapo kwa wavuvi siangalii kalenda ya ukutani. Namwambia, mwezi ukijaa njoo, kabla haujaanza kuliwa. Na wanakuja. Siyo wote, lakini kuna kijana wa kifafa hajakosa tangu hapo, naye tumekubaliana anafanya kazi ya kuanika nchi kavu, haingii mtumbwini.

Haya hayakuongeza muhudumu wala dawa. Kopo likiisha, mbalamwezi inawaka na mimi nina mikono mitupu.

#48 Sato wa Foili

"Umeniwekea giza." Aisee.

#49 Ng'wana Nfumu

Tabibu, babu naye anapanga kwa mwezi tangu enzi. Karibu ukooni.

#50 Tabibu wa Kambini

😂 Mwangaluka babu.

#51 Nyota ya Kirumba

Swali jamani. Hizo dawa za sonona nasikia ukianza huachi, na zinalewesha. Mimi duka la dawa hapa mtaani ananipa Valiumu nikikosa usingizi, inafanya kazi usiku ule ule. Si bora hiyo?

#52 Semina Kila Mwaka

Dada umeshika kisu kwenye makali. Inayojenga utumwa ndiyo hiyo Valiumu, tena haraka, na haitibu sonona. Fluoksetini na amitiriptilini hazina uteja wa namna hiyo, ila haziachwi ghafla, unapunguza kwa maelekezo. Zinachukua wiki mbili hadi nne kuonyesha kazi, na hapo ndipo wengi wanazitupa. Amitiriptilini wiki ya kwanza itakupa mdomo mkavu, usingizi na choo kigumu, huku huzuni iko pale pale. Usipoambiwa mapema utasema inakuua. Na isikae mahali inapofikiwa ovyo, ikimezwa nyingi ni hatari kwa moyo.

Tangu lini hulali?

#53 Nyota ya Kirumba

Tangu krismasi. Niko sawa lakini.

#54 Nesi Mstaafu

Nyota, nimekutumia ujumbe wa pembeni. Nijibu mwanangu, leo leo.

#55 Mzee wa Igoma

Wakati mama Nesi anazungumza na binti, kuna jambo mnalizunguka. Hakuna aliyeuliza kwa nini tabibu haulizi mtu kama amefikiria kujitoa uhai. Kujaribu kujiua kwetu bado ni kosa, Kanuni ya Adhabu kifungu cha 217. Familia inafika na mtu, inasema ilikuwa bahati mbaya. Tabibu anaandika bahati mbaya. Kila mtu anajua. Kenya mahakama kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinapingana na katiba. Sisi bado.

#56 Semina Kila Mwaka

Na kumuuliza mtu hakumpi wazo ambalo hakuwa nalo. Hili lirudiwe hata kama uzi utasahaulika. Wengi ukiwauliza wanashusha pumzi, kama mtu aliyetuliwa ndoo.

#57 Nyakato Huru

Tabibu wa Kambini, pale #3 nilisema macho kwenye simu. Nafuta nusu. Nusu nabaki nayo kwa sababu ya yule aliyemtibu mama yangu mdogo.

#58 Tabibu wa Kambini

Nusu napokea. Kuna siku na mimi niko kwenye simu.

#59 Mama Kulwa

Nyota ya Kirumba yuko wapi? Mama Nesi?

#60 Nesi Mstaafu

Nimempata, tumeongea muda mrefu. Kesho asubuhi naongozana naye kliniki. Mengine ni yake, msimuulize hapa.

#61 Mwana Kayenze

Ahsanteni wote, nimesoma kila kitu. Mrejesho: dada kaongea na mama kuhusu lile la mama Nesi, wakafungiana chumbani saa nzima, sikuambiwa kitu na sijauliza. Tezi atapimwa akirudi. Kausha damu wawili tumewamaliza kwa kuuza pikipiki yangu, wa tatu anakuja bado.

Jumamosi mama alikwenda kwenye mazoezi ya kwaya. Hakuimba. Alikaa nyuma na mkoba wake mapajani, wakamaliza, akarudi. Nilipomuuliza ilikuwaje akasema sauti ya pili siku hizi wanapiga kelele tu.

#62 Mama Kulwa

Huyo anarudi. Mtu aliyekata tamaa hajali sauti ya pili.

#63 Jembe Butu

Au ni pikipiki hiyo.

#64 Darubini

Au dawa zimeshika.

#65 Sauti Nyikani

Au tulimwombea.

#66 Tabibu wa Kambini

Kayenze, tarehe yake ya kurudi ni lini, na dawa alizobakiwa nazo zinafika hapo?

#67 Mwana Kayenze

Ni tarehe 19. Nimehesabu vidonge sasa hivi, vinaishia tarehe 14.